Wakuu, naombeni ushauri: nataka kurekodi mpira wa mtaani wa Ashbourne

Mleta uzi: Habari zenu wakuu. Niko Uingereza. Kule Ashbourne, Derbyshire, kuna mpira wa jadi unaochezwa mji mzima, Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu na Jumatano yenyewe. Unaanza saa 8 mchana, unaweza kufika saa 4 usiku. Nataka kuurekodi, na wiki nzima sipati usingizi. Nisimame wapi?

Mzee wa Lenzi: Tafuta dirisha la ghorofani. Mimi nilirekodi mbio za baiskeli nikiwa barabarani, nikarudi na migongo ya watu tu. Iliniuma mpaka leo.

Dada Upendo: Kwanza ongea na wenyeji. Mchezo ni wao, wageni tuwe na adabu.

Kijana wa Stendi: Mkuu, usingizi haupotei kwa sababu ya pa kusimama. Unarekodi kwa kifaa gani?

Mleta uzi: Droni. Nimeshanunua, na kuna mtu amenilipa kianzio. Ni ndogo, haifiki gramu 250.

Kijana wa Stendi: Ungeanza na hilo! Huko droni hairuhusiwi kupita juu ya watu waliosongamana, hata iwe ndogo vipi. Na yenye kamera, kuanzia gramu 100, lazima ujisajili.

Mleta uzi: Nitaipaisha juu sana. Bila picha ya angani kazi haina thamani.

Kijana wa Stendi: Ikizima ikiwa juu, inaangukia wapi?

Bwana Ushahidi: Wakuu, tunapoteza muda. Eti magoli yameachana maili 3, timu ni mji mzima? Hii chai.

Dada Upendo: Si chai, nimeuona. Waliozaliwa kaskazini ya kijito cha Henmore ni timu ya Up'ards, wa kusini Down'ards. Mpira umejazwa vipande vya gome jepesi la vizibo (cork) ili uelee, maana watu huingia nao majini. Kufunga ni kuugonga mara 3 kwenye jiwe la kinu. Maduka hupigiliwa mbao madirishani. Mwaka 2003 aliyeurusha kuanzisha mchezo ni Prince Charles.

Bwana Ushahidi: Mpira nimekubali. Mteja ndiye simwamini. Analipa kabla hata hajauliza habari za kibali?

Mleta uzi: Yupo kweli. Anataka picha za juu tu, na kianzio nimeshakitumia. Vipi nikirushia kwenye mashamba, mbali na watu?

Mzee wa Lenzi: Mwanangu, watu wanaufuata mpira. Utajuaje utaelekea wapi?