Naomba ushauri: nimpeleke Mama Chalbi, jangwa lililomchukua Baba?

BintiDereva:
Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Baba alitutoka Machi iliyopita, tukamzika huku kwetu Mombasa. Hitma ya mwaka inakaribia na nyumbani hatuelewani.

Baba aliendesha lori la kaskazini mwa Kenya karibu miaka 30: unga, sukari, mabati. Mzigo ukishashushwa Marsabit mjini, madereva wenzake waligeuza kurudi. Yeye alitafuta kimzigo chochote cha kwenda Maikona, Kalacha au North Horr, mradi tu avuke Chalbi. Wakati huo baada ya Isiolo lami ilikuwa hadithi, magari yakienda kwa msafara na polisi.

Nilipokuwa na miaka 11 alinichukua likizo ya Agosti. Katikati ya uwanda akazima injini. Ardhi imepasukapasuka, nyeupe kwa chumvi, hakuna mti, na mbele naona maji yanameta. Nikauliza, "Baba, tumefika baharini?" Akacheka. "Hayo ni mazigazi, mwanangu. Lakini hukukosea sana, hapa palikuwa na maji kweli." (Ukubwani nikasoma kwamba Chalbi lilikuwa ziwa, maelfu ya miaka iliyopita.) Akavua viatu, akakaa chini kivulini mwa lori. Nyumbani Baba hakumaliza kikombe cha chai bila kusimama mara tatu. Pale alikaa mpaka kivuli kikahama na sisi tukahama nacho.

Mama alikuwa akiliita jangwa hilo mke mwenza, na hakuwa akitania. Mdogo wangu wa kiume alizaliwa Baba akiwa amekwama ng'ambo ya Chalbi, mvua imenyesha, uwanda wote tope, simu hakuna. Alimwona mtoto ana siku 12.

Sasa wiki iliyopita Mama alikuwa akikunja vikoi vya Baba, akasema, "Nataka nikamwone huyo mwenzangu." Ana miaka 66 na presha. Mdogo wangu amekasirika, anasema Baba alituacha kwa ajili ya pale, iweje tupafungie safari kama ziara. Je, nimpeleke? Tukifika tufanye nini?

Marsabit_Mlimani:
Pole sana dada. Mlete, lakini chagua mwezi. Mvua zetu ni Machi hadi Mei, halafu Oktoba hadi Desemba. Chalbi ikilowa, gari linazama hadi ekseli, na babako aliyajua hayo. Njooni Februari. Lami sasa inapita hapa hadi Moyale, kwa hiyo Mama atafika Marsabit hajachoka sana. Mji uko mlimani, kuna ukungu na baridi, mlale hapa usiku mmoja au miwili. Kuteremka Chalbi ni joto la ghafla, kwa mtu wa presha si jambo dogo. Aonane na daktari wake kwanza. Ondokeni alfajiri, magari mawili, dereva wa huku, maji mengi kuliko mnavyodhani.

UmmuSalma:
Kwenda hakuna ubaya, ukumbusho ni ukumbusho. Ila hitma isomwe nyumbani, na pale msipafanye kaburi la pili. Dua yako inamfikia popote ulipo. Ukitaka kumfanyia jambo kule, toa sadaka ya maji.

Marsabit_Mlimani:
Ummu, nakubali, ila visima vya Wagabra, wafugaji wa huku Chalbi, vina wenyewe na utaratibu wake. Asije na pampu garini. Akae na wazee wa Kalacha kwanza, awasikilize wanahitaji nini. Na abebe sukari na buni zenye maganda. Huku huzikaangwa kwa samli, na mgeni aliyekuja na buni hasahauliki. Huenda akampata mzee anayemkumbuka babake.

Kifunguamimba:
Dada, nitasema lisilopendeza. Babangu alikuwa baharia, mtu asiyefungika vilevile, na watu wanapomsifu kwa uhuru wake mimi namkumbuka mamangu akihesabu shilingi. Wewe una ile siku ya kivuli cha lori. Mdogo wako je, aliwahi kuchukuliwa? Kama hakuchukuliwa, usimwambie kuwa Baba alikuwa mtu mzuri sana kule. Hasira yake ina haki. Mama naye anakwenda kwa yake, pengine si kumlilia mumewe. Mwache aseme mwenyewe akifika.

BintiDereva:
Nimekaa na maneno yako usiku kucha, Kifunguamimba. Hakumchukua hata mara moja. Kufikia umri wake wa kusafiri, mgongo wa Baba ulikuwa umeharibika na lori limeuzwa. Mimi miaka yote nikisimulia Chalbi mezani, naye yuko pale anasikiliza. Sikuliona hilo.

Nimempigia leo. Sikumbembeleza. Nimemwambia tu nafasi yake garini ipo, na asipokuja sitamlaumu. Hakujibu, ila hakukata simu.

Mama nimemsomea majibu yenu yote. La buni limempendeza, kesho tunakwenda sokoni Marikiti. Kisha akauliza, "Huyo wa Marsabit kasema Februari au Machi?" Nikamwambia Februari. Ameniagiza nimtafutie viatu vya kufunika vidole, vyepesi, vya kuvulika upesi.