Msimbazi (noti ya elfu kumi) unawaka bluu kwenye taa ya zambarau, ni feki?

Wakala wa Mbagala:
Wakuu habarini, nina kibanda cha uwakala nikanunua ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, sasa asubuhi kaja mama mmoja kuweka pesa, misimbazi yote imetulia giza hivi ila mmoja ukawaka bluu kama uko disko. Nikaukataa, mama kanuna balaa anasema katoa benki. Tembo yupo, uzi upo. Hii ni feki au taa ndo kimeo?

Mzee wa Steshenari:
Uliza kwanza kama hiyo noti imefuliwa. Karatasi ya noti ni ya pamba na haiwekwi dawa ya kung'arisha ndo maana kwenye taa inakaa giza. Hizi A4 zetu zimejaa hiyo dawa, inakula mionzi ya UV ya hiyo taa ambayo macho hayaioni halafu inaitoa ikiwa mwanga wa bluu, kwa hiyo mtu akiprinti pesa kwenye A4 inawaka yote. Sasa dawa ya aina hiyohiyo imo kwenye sabuni nyingi za unga, ndo inafanya shati jeupe likitoka juani lionekane jeupe kupitiliza. Noti ikisahaulika mfukoni ikalowekwa na nguo inainywa, halali kabisa ila inawaka. Mulika kola ya shati lako uone.

Kaunta Namba 3:
Naongezea, na isiyowaka usiiamini kisa haiwaki, wajanja wanatafuta karatasi isiyo na dawa. Papasa maandishi yamenyanyuka au la, inua kwenye mwanga utafute sura ya Mwalimu. Taa iwe ya mwisho.

Dogo wa Umeme:
Tochi za bei chee nyingi mwanga wake ni nanomita 395 (urefu wa wimbi la mwanga), zinamwaga zambarau mpaka huelewi kipi kinawaka, tafuta ya 365. Na usije ukauziwa taa ya kuulia vijidudu, ile ni 254, inaunguza macho na ngozi, sio ya kuweka mezani.

Mgogo Halisi:
Tochi ikikushinda nitumie mie huku Dodoma, usiku kabla ya kuingia choo cha nje namulika ukuta, nge anawaka kijani unamuona toka mbali. Hata aliyekufa anawaka. Ila aliyetoka kujivua gamba hawaki mpaka ngozi ikakamae, kwa hiyo ndala vaa tu 😂

Wakala wa Mbagala:
Aisee kola imewaka bluu ileile! Nimempigia mama, anasema hela aliifunga kwenye pindo la kanga akailoweka na kanga yake. Anarudi jioni.

Kaunta Namba 3:
Ipokee, ila usimpe mteja mwingine mwenye taa kama yako mtaanza upya. Ipeleke benki ukienda kuweka floti (salio lako la uwakala).