Niliandika bila jina, nikapigiwa simu nikatajiwa mpaka tarehe ya kuzaliwa

Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka.

Mimi nanunua dagaa mwaloni hapa Tanga, nakaanga, nauza Ngamiani. Juzi kwenye kundi letu la wauza samaki niliandika, kwa jina la bandia, kwamba tunatozwa shilingi 1,000 kwa kila ndoo na stakabadhi hatupewi. Nikaweka na picha ya daftari la mtozaji. Sikumtukana mtu.

Kesho yake saa moja asubuhi, karai liko motoni, simu inaita. Mwanaume, sauti ya upole kabisa. Akanitajia majina yangu yote matatu, akanisomea na tarehe ya kuzaliwa, kisha akasema: "Futa ulichoandika, mama." Dagaa waliungua nimesimama pale pale.

Msiniambie aliingiza namba yangu kama anayetuma pesa, jina likatokea. Tarehe ya kuzaliwa haitokei pale! Hiyo niliitoa Januari 2020, nilipopanga foleni tangu alfajiri kuweka alama za vidole laini isizimwe. Tuliambiwa ni dawa ya matapeli. Matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wananitumia meseji hadi leo. Aliyepatikana ni mimi.

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano yangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Hata ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na ukali wake wote, kifungu cha 32 kinataka amri ya mkuu wa kituo cha polisi, tena kwa ajili ya upelelezi (hakimu haulizwi, na hilo nalo linaniuma). Huyu aliyenipigia alikuwa na amri ya nani?

Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa mtandao wa JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016, akasimamishwa kizimbani kwa kugoma kutoa taarifa za watu waliokuwa wakiandika kwake bila majina. Kuna mtu mwingine kakaa kwenye kompyuta, zangu kazigawa kama karanga.

Kundi sasa kimya. Wawili wamejitoa, na ushuru jana umekusanywa vile vile, bila karatasi.

Aliyewahi kupeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi anielekeze pa kuanzia. Namba iliyonipigia ninayo. Picha ya daftari sijaifuta.