Miujiza ya Injili: lazima uimeze yote kwa mkupuo au uitupe yote?

Wakuu salama. Niweke msimamo mapema tusizunguke: mimi ni mkristo, kipaimara nimepata na jumapili nipo kanisani, ila kuna kauli imenichosha, eti ukitilia shaka muujiza mmoja tu wa Injili basi umeikana imani yote. Upande wa pili nao wapo wale wa "ngano tu hizo, zimetungwa". Mi naona wote wanakosea palepale, wanazichukua Injili nne kama furushi moja, ulibebe lote au uliache. Kila simulizi isikilizwe peke yake bwana. Zipo zenye uzito na zipo ambazo hata muumini ana haki ya kuguna.

Mchukue Marko, ambaye wasomi wengi wanasema ndo aliyetangulia kuandika, kwenye mwaka 70 hivi. Sura ya 8, Bethsaida, analetwa kipofu, Yesu anamshika mkono anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni, anamuuliza unaona kitu? Jamaa anajibu naona watu ila wako kama miti inayotembea. Yaani haijakubali vizuri! Ikabidi amwekee mikono mara ya pili ndo akaona sawasawa. Sasa we fikiria, mtu anayetunga hadithi ya kumkweza bwana wake anatungaje muujiza uliokubali nusu? Na Mathayo na Luka, ambao inaaminika walikuwa na Marko mbele yao wakiandika, wote wawili wameiruka hiyo habari. Nazareti vilevile, Marko 6 anasema hakuweza kufanya muujiza wowote pale zaidi ya kuponya wagonjwa wachache, ukifika Mathayo 13 imeshalainishwa, hakufanya mingi kwa sababu watu hawakuamini. Kwangu hizi habari zinazompa shida mwandishi mwenyewe naziamini kuliko zile zinazong'aa (halafu wahubiri wetu ile ya miti inayotembea hawaigusi kabisa, sijui wanaogopa nini).

Tena hata maadui hawakukataa kwamba kuna kitu kinatokea. Marko 3, waandishi wa Yerusalemu hawasemi "huyu hatoi pepo", wanasema anawatoa kwa nguvu za Beelzebuli, mkuu wa pepo. Karne ya 2 Celsus, mpagani aliyeandika kuwashambulia wakristo, hoja yake ilikuwa Yesu alijifunza uchawi Misri. Hiyo sio kukanusha, hiyo ni kugombania chanzo.

Haya, sasa upande wa kuguna. Mathayo 27, Yesu anakata roho, makaburi yanafunguka, watakatifu wengi wanafufuka, kisha wanaingia Yerusalemu na kuwatokea watu wengi. Mji mzima umejaa watu wa Pasaka, wafu wanatembea, na hakuna mwingine aliyeandika hata mstari? Marko kimya, Luka kimya, Yohana kimya, Paulo kimya, Josephus mwanahistoria wa kiyahudi naye kimya. Mike Licona, mmarekani ambaye kazi yake ni kutetea ufufuko wa Yesu, 2010 aliandika kwamba pale huenda Mathayo anatumia lugha ya picha, akashambuliwa na wenzake kina Norman Geisler kama vile kaikana Biblia. Huyo ni mtetezi wao wenyewe jamani! Zile za kwamba Bartimayo aliponywa Yesu akitoka Yeriko au akiingia, kipofu mmoja au wawili, mi sibishani nazo, mashahidi wa ajali yoyote ya barabarani hutofautiana hivyo.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Aliyeleta habari ya Vespasian, umenibana. Ni kweli Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anaandika kwamba Vespasian, kaisari wa Roma, akiwa Alexandria alimponya kipofu kwa mate, na anasema waliokuwepo bado walikuwa wanaisimulia hata wakati ambao uongo haukuwa na faida tena. Kwa hiyo kama mashahidi na mate vinatosha, inabidi niamini na hiyo. Siwezi kuikwepa kwa kusema "huyo alikuwa mpagani", hiyo sio hoja. Na wa Loliondo pia nimekuelewa, 2011 maelfu walipanda Samunge, kijiji cha huko Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500, wengi walirudi wanashuhudia wamepona na hawakuwa waongo, walivyojisikia ndivyo walivyosema. Wingi wa mashahidi peke yake haumalizi kesi, hapo sibishi.

Ila wewe wa David Hume, yule mwanafalsafa wa Uskoti, kwamba siku zote ni rahisi zaidi shahidi awe amekosea kuliko sheria ya asili kuvunjika, hiyo ya 1748 naiheshimu lakini inafunga faili kabla shahidi hajafungua mdomo. Hata kama kweli limetokea, kwa kanuni yako usingelijua.

Ndugu yangu muislamu aliyesema kwao hili halina mjadala kwa kuwa kwenye Qur'ani sura ya Aal Imran aya ya 49 inamtaja Isa akiponya vipofu na wakoma na kufufua wafu kwa idhini ya Mungu, sawa, imani yako naiheshimu, ila ndege wa udongo aliyepuliziwa akaruka, aliyetajwa kwenye aya hiyohiyo, kwenye Injili zetu nne hayumo.

Sasa wale mnaosema nachagua chagua, nijibuni la Lazaro. Siku nne kaburini, akafufuliwa, na Yohana anasema kabisa kwamba jambo hilo ndilo lililofanya wakuu waitishe baraza na kuamua Yesu auawe. Wengine watatu hawana habari nalo. Jibu la kawaida ni kwamba walikuwa wanamficha Lazaro asidhurike, maana Yohana 12 inasema makuhani walitaka kumuua na yeye. Mwaka 70 hivi, Marko akiandika, ilikuwa imepita kama miaka 40, makuhani wenyewe na hekalu lao wameshaondoka, alikuwa anafichwa kwa nani?