Ranula: kukata paa la kifuko au kutoa tezi?

MADA: Ranula, yaani uvimbe wa mate chini ya ulimi, unapasuliwa, unajaa tena. Wapo wanaosema kosa ni vimeng'enya vilivyomo kwenye ute, basi tiba ni kukausha kifuko. Tezi ya mate iachwe au itolewe?

Bingwa_Taya: Itolewe. Ranula nyingi hazina utando wake; ni ute uliovuja, ukazungushiwa nyama changa ya kidonda. Tezi ya chini ya ulimi hutoa ute mfululizo, mtu ale asile. Ukikata paa, kidonda kinaziba, ute unarudi palepale. Mapitio ya ranula 580 yaliyotoka Uchina mwaka 2004: paa likikatwa tu, zilirudi karibu asilimia 67, tezi ikitolewa, asilimia 1.2.

Ute_Maabara: Hesabu hizo sizibishii. Ila huo ute si maji matupu, mkuu. Umepimwa ukakutwa na kolajenesi aina ya nne (kimeng'enya kinachokata kolajeni, protini ya nyuzi za tishu), viamsha-plasminojeni (vinavyozalisha plasmini, kimeng'enya kingine cha kukata protini) na TNF-alfa (kemikali ya kinga inayochochea inflamesheni) kwa wingi. Plasmini huamsha kolajenesi, kolajenesi hula nyuzi za tishu. Ndiyo maana kifuko hupata njia, na kingine hushukia shingoni kupitia upenyo wa msuli wa sakafu ya kinywa.

Bingwa_Taya: Na makrofaji, seli za kinga zinazomwaga hiyo TNF, zinafuata nini pale? Ute! Ukishakata chanzo, kifuko kinanywea chenyewe, hata kukichuna hakuna haja. Uvimbe wa mfereji ulioziba ni tofauti, ule una utando halisi. Huo ukiacha kipande cha utando, seli zake zinaendelea kuzaana. Ni ugonjwa mwingine.

Nesi_Theatre: Mnasema "itolewe" kama jino la maziwa. Neva ya ulimi inapita chini ya mfereji wa Wharton, ule wa tezi ya mate ya chini ya taya, ikitoka nje kwenda ndani. Ingizeni kwanza waya mwembamba kwenye mfereji, ndipo mkate. Neva ikijeruhiwa, upande mmoja wa ulimi unaweza kufa ganzi. Mfereji ukifungwa na uzi, tezi ya chini ya taya inavimba kila mgonjwa akila.

Ute_Maabara: Hapo ndipo ninaposimama. Mtoto mwenye ranula ndogo, asiyepata shida kula wala kupumua, asubiriwe miezi michache. Nyingine hupasuka na kupona zenyewe.

Dr_Wilaya: Kabla ya kisu, pimeni VVU. Zimbabwe na Afrika Kusini zimeshaonyesha uhusiano huo, na si kwa watu wazima tu. Huyo mtoto anayesubiriwa naye apimwe siku ya kwanza.