Miaka 44 kwenye kiti cha enzi, lakini filamu zinamwonyesha akililia wanaume tu!

Wakuu, nimechoka na leo nasema. Kila filamu ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza ikitoka mimi ni wa kwanza kuitafuta, na kila nikimaliza kuitazama nabaki na hasira. Mwanamke huyu alishika nchi tarehe 17 Novemba 1558 akiwa na miaka 25, akafa bado malkia tarehe 24 Machi 1603. Alikuta hazina ina madeni, watu wamegawanyika kwa dini, na mji wa Calais, uliokuwa mikononi mwa Waingereza, umechukuliwa na Wafaransa mwanzoni mwa mwaka uleule. Waandishi wa filamu wanayasoma yote hayo, halafu wanarudi na swali lilelile: alilala na Robert Dudley, mpendwa wake wa ikulu, au hakulala?

Chukueni filamu ya 1998 ya Shekhar Kapur. Cate Blanchett kaigiza vizuri mno, na hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu mtu akiigiza vile watazamaji wanaamini kila kitu. Mle ndani William Cecil, waziri wake mkuu wa kuaminiwa, ni mzee wa mvi, kaigiza Richard Attenborough aliyekuwa amevuka miaka 70, na malkia anampa cheo cha heshima ili apumzike nyumbani. Uongo mtupu! Cecil alikuwa na miaka 38 Elizabeth alipotawazwa. Cheo hicho cha Lord Burghley alikipata mwaka 1571, mwaka uliofuata akakabidhiwa hazina ya nchi, na aliendelea na kazi mpaka alipokufa mwaka 1598. Miaka 40 mtawala na waziri wake walifanya kazi pamoja, wakagombana, wakapatana, wakaendelea. Kujua nani wa kumwamini na kumshikilia muda wote huo, katika ikulu iliyojaa fitina, ndiyo kazi yenyewe ya kutawala. Filamu imeikata ili tumwone binti anayewafukuza wazee na kusimama peke yake.

Na Dudley maskini, wamemwingiza kwenye njama ya usaliti! Mtu aliyepewa cheo cha Earl wa Leicester mwaka 1564, aliyekabidhiwa jeshi la Tilbury mwaka 1588 Wahispania walipokuja na manowari zao. Alikufa Septemba mwaka huohuo, na malkia akaitunza barua yake ya mwisho mpaka siku zake mwenyewe zilipokwisha. Kama ni mapenzi mnayoyataka, si haya hapa? Kulikuwa na haja gani ya kumpakaza mtu usaliti?

Sasa hili la Mary wa Uskoti ndilo linanitoa kabisa kwenye reli. Filamu ya 1971 iliwakutanisha malkia hawa wawili ana kwa ana. Ya 2018 nayo ikawakutanisha tena, safari hii katikati ya mashuka yaliyoanikwa. HAWAKUWAHI KUONANA. Mary aliingia Uingereza Mei 1568 akikimbia maadui zake, akawekwa kizuizini karibu miaka 19, akakatwa kichwa kwenye ngome ya Fotheringhay tarehe 8 Februari 1587. Katika muda wote huo alimwandikia Elizabeth barua nyingi akiomba waonane uso kwa uso, na Elizabeth akakataa. Alikuwa na sababu! Mary alikuwa akituhumiwa kuhusika na mauaji ya mume wake Darnley, na kumpokea ikulu kungekuwa sawa na kumsafisha mbele ya dunia nzima. Tena Wakatoliki wengi walimwona Mary ndiye mwenye haki ya kiti. Mwanamke anatia saini hati ya kumuua ndugu yake wa damu ambaye hajawahi kumtia machoni, hati inapelekwa, hukumu inatekelezwa, kisha anamgeukia katibu wake Davison na kumtupa gerezani kwa kuipeleka. Ukiwa na kisa kama hicho mkononi, unawezaje kukibadilisha na mabishano ya dakika chache kwenye mashuka?

Filamu ya 2007 sitaipotezea muda mwingi. Inamhusisha malkia na baharia Walter Raleigh na mapenzi ya Raleigh na Bess Throckmorton, mhudumu wa malkia, wakati ndoa yao ya siri ilifungwa mwaka 1591, miaka mitatu baada ya vita vile vya 1588 na Wahispania. Kisha Raleigh anageuzwa shujaa wa baharini dhidi ya Wahispania, ilhali kamanda wa meli za Waingereza alikuwa Howard na msaidizi wake Drake. Malkia mwenyewe wakati huo anakaribia miaka 55, lakini skrini haitaki kumwona mwanamke wa umri huo akiwa na akili bila kuwa na mpenzi.

Na jambo la John Hawkins? Mabaharia wa Elizabeth wanapendwa sana kwenye filamu, upepo, matanga, muziki. Hawkins alichukua Waafrika pwani ya Sierra Leone mwaka 1562 na kwenda kuwauza Hispaniola, kisiwa cha Karibea, na safari ya pili mwaka 1564 malkia alimkodisha meli yake mwenyewe, Jesus of Lübeck. Hili ni uamuzi wake wa kiutawala, faida aliitaka. Mnaojisifu kumwonyesha kama binadamu kamili, mwonyesheni na hapo.

Najua kuna watakaokuja kusema "ni burudani tu, acha kukuza mambo". Mwaka 1971 BBC walitoa tamthilia ya sehemu sita, Glenda Jackson akanyoa nywele za mbele na kumwigiza tangu ujana hadi uzee, siasa zikiwemo, mabalozi wakiwemo, na watu waliitazama. Kwa hiyo inawezekana.

Mimi nataka miaka ya mwisho. Mavuno yanaharibika mfululizo kuanzia 1594, watu wana njaa, vita vya Ireland vinamaliza fedha. Wabunge wa 1601 wanawaka kwa sababu wapendwa wa ikulu wamepewa ukiritimba wa kuuza bidhaa kama chumvi na wanga, bei zimepanda. Malkia wa miaka 68 anaona upepo, anakubali kufuta ukiritimba ulioumiza watu, na tarehe 30 Novemba anawapokea wabunge Whitehall na kuzungumza nao mpaka wanatoka wameridhika. Bunge hilohilo likapitisha sheria ya kuwatunza maskini kwa kodi ya kila parokia, sheria iliyodumu zaidi ya miaka 200.

Mdau yeyote aliyeona filamu iliyoishughulikia miaka hiyo bila kuigeuza yote kuwa ya kijana Essex, mpendwa wa malkia uzeeni, aitaje hapa. Nitaitafuta leoleo.