Bursa sio duka la majaketi ya ngozi, ajenti acheni kutuibia!

Wakuu habari, naandika nina hasira na sifichi. Hawa ajenti wanaowauzia watu wetu wakifika Istanbul ile pakeji ya kwenda Bursa, mji mwingine wa Uturuki, inayoitwa "Bursa siku moja, mlima wa theluji na maji moto ya asili" wanachukua hela ya kitu ambacho hawakupeleki. Nilienda na mama yangu, magoti yanamsumbua muda mrefu, na kilichomfanya akubali kupanda basi alfajiri na baridi ile ni picha ya bwawa linalofuka mvuke kwenye tangazo lao.

Sasa sikieni. Tumevuka lile daraja la Osmangazi, kituo cha kwanza duka la pipi za lokum, haya sawa. Cha pili duka la majaketi ya ngozi, hapo ndo tukakaa zaidi ya saa nzima, wauzaji wanakuvalisha koti hujaomba, ukitoka nje unakuta basi limefungwa na mwongozaji anakurudisha ndani maana kila anayenunua yeye ana kamisheni yake. Halafu Yeşil Türbe, kaburi la Sultan Mehmed wa Kwanza la mwaka 1421 lenye vigae vya feruzi, watu wanatoka nchi za mbali kuja kuliona, sisi tukaambiwa pigeni picha nje haraka turudi kwenye basi.

Ulu Cami tumeuona dirishani!! Msikiti wa kuba 20 uliojengwa na Sultan Bayezid wa Kwanza mwishoni mwa karne ya 14, una birika la kutawadhia humo humo ndani katikati ya ukumbi, na ilikuwa adhuhuri, mama anaomba ashuke aswali tu, jibu ni kwamba ratiba hairuhusu. Muda wa majaketi ulikuwepo, wa swala haukuwepo. Hii inaniuma mpaka leo.

Uludağ tulipanda, mlima una zaidi ya mita 2,500 na ni mzuri kweli, sina neno nao. Ila foleni ya magari ya kebo ilikula muda uliobaki na tukashuka jua linazama. Nikauliza maji moto saa ngapi, jamaa anasema hayo ni ya hiari, muda ukibaki. Ubaki vipi wakati mmeumalizia dukani?

Na maji yapo wakuu, hayajakauka. Nendeni Çekirge upande wa magharibi wa mji, yanatoka ardhini yakiwa moto yenyewe hayachemshwi na mtu, Eski Kaplıca, nyumba ya zamani ya kuogea maji hayo, ipo huko, na nyingine, Yeni Kaplıca, ilijengwa mwaka 1552 na Rüstem Pasha waziri wa Sultan Suleiman, halafu kuna hoteli kibao ambazo maji hayo hayo yamevutwa mpaka ndani, mgonjwa anashuka kutoka chumbani kwake tu anaoga. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, huyu huyu aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baada ya huku alipita Bursa enzi za Orhan, mtawala wa Waosmani, na akaandika habari za maji hayo: nyumba mbili za kuogea, moja ya wanaume moja ya wanawake, wagonjwa wanatoka mbali kufuata tiba, na msafiri anapewa malazi na chakula siku tatu. Siku tatu bure, karne ya 14! Mama yangu kalipiwa kwa dola na hajatia hata kidole kwenye maji.

Ajenti mliomo humu mnajijua, toeni hiyo picha ya bwawa kwenye matangazo yenu au mpeleke watu. Na nyie mnaopanga kwenda, kabla hamjalipa waandikieni wawatajie hamamu, yaani nyumba ya kuogea, kwa jina, mtakaa humo muda gani, na mtasimama maduka mangapi. Wakigoma kujibu kwa maandishi achaneni nao, pandeni feri wenyewe Istanbul mpaka Mudanya, bandari ya karibu na Bursa, usafiri wa kuingia mjini upo, mlale Çekirge na mzee wenu aoge jioni na asubuhi kwa raha zake.

Mimi hela yangu naidai. Nimewaandikia meseji wanasoma hawajibu, simu hawapokei. Kama kuna mtu alishawahi kurudishiwa chake na hawa wa pakeji za Istanbul aseme alianzia wapi, ubalozini, polisi wa utalii au benki aliyolipia, nataka nianze kesho.